Kampuni Ikikua, Nani Atasema Hapana?

(Mazungumzo ya juma, kama yalivyosomwa redioni)



Leo nataka tuzungumze juu ya kazi ambayo vijana wengi wanaomaliza vyuo vikuu wanaitamani, na ambayo wazazi wao, hata wakielezwa mara tatu, hawaielewi. Mzazi anajua mwalimu anafanya nini. Anamjua mganga, anamjua karani wa benki. Lakini mwana akirudi nyumbani akasema, "Mama, nimepata kazi katika kampuni ya ushauri," mama humshukuru Mungu kwanza, kisha huuliza: "Mnamshauri nani? Na huyo akikataa ushauri wenu, mnakula nini?"

Ndugu msikilizaji, swali hilo la mama lisichekwe. Ni zuri kuliko maswali mengi yanayoulizwa katika usaili wa kazi, na mazungumzo yangu ya leo ni jaribio la kulijibu.

Kampuni ya ushauri haina shamba wala ghala, na mashine zake ni kompyuta chache tu. Ukiingia ofisini kwake usiku utakuta meza, mafaili, na birika la chai lililopoa. Mali yenyewe imekwenda kulala Mbagala, Kimara na Tegeta. Kinachouzwa pale ni vitu viwili tu: saa za watu, na jina. Mteja hununua saa za kijana atakayekusanya takwimu, na hununua jina la mzee atakayetia sahihi kwamba takwimu hizo ni za kweli. Saa zikiisha, huajiriwa mtu mwingine. Jina likiisha, hakuna duka linalouza jingine.

Biashara hii si ya jana. Mwaka 1926 James McKinsey, aliyekuwa profesa wa uhasibu huko Chicago nchini Marekani, alifungua ofisi ya kuwashauri wenye viwanda namna ya kuendesha mambo yao. Hapa kwetu Tanzania ushauri wa namna hiyo ulishika kasi katika miaka ya 1990. Tume ya Rais ya Kurekebisha Mashirika ya Umma ilipoanza kazi ya kuuza na kubinafsisha mashirika, kila shirika lilihitaji mtu wa kulithamini, wa kuhesabu madeni yake, na wa kusema lina uhai au limekufa. Papo hapo miradi ya wafadhili ikaongezeka, na kila mradi ulitaka utafiti kabla haujaanza na tathmini baada ya kwisha. Wataalamu waliopunguzwa kazini, na wahadhiri ambao mishahara yao haikutosha, wakakodi chumba kimoja mjini, wakaandika jina mlangoni, wakaanza. Baadhi ya vyumba hivyo vilikua vikawa ghorofa nzima.

Sasa tutazame kampuni kama hiyo inavyokua, maana ndiko kijana wetu anakoingia.

Wenye kazi hii huwagawa watu mafungu matatu. Kuna mtafutaji, yaani anayetafuta kazi na kujuana na wateja. Kuna mwangalizi, anayeisimamia kazi isiharibike. Na kuna mtwangaji, anayekwenda wilayani na dodoso, anayechora majedwali, anayekesha akiandika rasimu. Kampuni ikiwa na watu sita, mafungu yote matatu yamo ndani ya mtu mmoja. Mzee mwenye kampuni anatafuta kazi asubuhi, mchana anakaa na kijana wake wakihakiki hesabu, jioni anaandika sura ya tatu kwa mkono wake. Kijana anayefanya kazi hapo amepata chuo cha pili. Anaona mzee anavyouliza maswali, anavyomsikiliza mkulima, anavyokataa jibu la haraka.

Nami nilipata kufanya kazi katika kampuni ya namna hiyo hapa Dar es Salaam, na kwa haki lazima niseme kwamba ni kazi tamu. Ndani ya miaka miwili kijana anaweza kuingia hospitali ya wilaya akahesabu dawa zinazopotea, akaenda kwenye chama cha ushirika akasoma vitabu vya kahawa, akarudi mjini kukaa na wakurugenzi wa benki. Hakuna ajira nyingi zinazompa mtu wa miaka ishirini na minne macho mengi kiasi hicho. Anajifunza kuandika ukurasa mmoja unaoeleweka, na anajifunza kwamba mtu aliye ofisini siyo lazima awe ndiye anayejua. Mara nyingi anayejua ni mtunza stoo.

Basi kampuni inasifika, na kazi zinaongezeka. Na kazi nyingi kubwa hupatikana kwa zabuni ya bahasha mbili. Bahasha ya kwanza ni ya utaalamu: mtaifanyaje kazi, na nani ataifanya. Ya pili ni ya bei. Ile ya kwanza ndiyo yenye alama nyingi, na ndani yake kitu kizito ni majina. Mhandisi fulani, shahada tatu, uzoefu wa miaka ishirini na mitano. Mchumi fulani, amefanya kazi nchi sita. Mteja anasoma majina hayo, anatoa alama, kazi inapatikana.

Hapo ndipo ugonjwa unapoanzia. Jina lilelile la mhandisi limeandikwa katika zabuni nne, naye ni mtu mmoja. Zabuni zote nne zikishinda, tunafanyaje? Mhandisi anakwenda kwenye kikao cha kufungua kazi, anatoa hotuba nzuri, anapeana mikono na mteja. Kisha anatoweka. Anayebaki ni kijana mwenye miezi minane kazini. Mteja amelipia mvi, amepewa ndevu zinazoota. Na kijana naye, ambaye katika kampuni ya watu sita angefundishwa, katika kampuni ya watu arobaini anafundishwa na aliyemtangulia kwa mwaka mmoja. Fomu ya saa anayoijaza kila Ijumaa inasema amefanya kazi saa nane kwa siku. Taa ya ofisini inajua ukweli.

Mtu ataniuliza: kwa nini mwenye kampuni asikatae hiyo zabuni ya nne? Ndugu msikilizaji, swali zuri. Hebu tufungue daftari lake la fedha.

Tuseme amemaliza kazi ya shilingi milioni 100 kwa kampuni binafsi na amepeleka ankara. Juu yake ameweka kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18, yaani milioni 18. Ritani na kodi hiyo vinatakiwa kufika Mamlaka ya Mapato ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Mwenye kiwanda angalau hupunguza kodi aliyolipa aliponunua malighafi. Lakini malighafi ya mshauri ni mishahara, na mishahara haina kodi hiyo ya kupunguza. Mteja akichelewa miezi mitatu, na wateja huchelewa, mshauri amekwisha kulipa kwa fedha ambazo hajaziona. Hata siku mteja anapolipa, anazuia asilimia 5 ya ada kwa ajili ya kodi ya mapato. Wafanyakazi wakifika 10, inaongezeka tozo ya kuendeleza ujuzi, inayohesabiwa kwa mishahara yote. Na mishahara yenyewe haina subira. Tarehe ishirini na tano kodi ya chumba Sinza inadaiwa, ada ya mtoto inadaiwa, naye mfanyakazi hawezi kumwambia mwenye nyumba kwamba mteja hajaidhinisha rasimu.

Kampuni ya watu sita ikikosa kazi mwezi mmoja, mzee anajibana. Kampuni ya watu arobaini ikikosa kazi mwezi mmoja, familia arobaini zinatikisika. Kwa hiyo zabuni ya nne haikataliwi, wala ya tano. Watu waliajiriwa ili kazi zifanyike. Sasa kazi zinatafutwa ili watu walipwe. Ukubwa ule ambao ulikuwa heshima ya kampuni umegeuka mdomo unaotaka kulishwa, na mdomo uliojaa chakula haukatai kitu.

Naam, hilo ndilo ninalotaka mlishike leo. Kampuni ya ushauri inapokua, wengi hudhani hatari ni kupungua kwa utaalamu. Utaalamu hununulika. Kinachopungua kwanza ni uwezo wa kusema hapana. Na mshauri asiyeweza kusema hapana, ndiyo yake inauzwa kwa bei gani?

Ulimwengu una mifano, na mmoja wao ni mkubwa sana. Mwaka 1913, huko huko Chicago, Arthur Andersen alianzisha kampuni ya uhasibu. Inasimuliwa katika historia ya kampuni hiyo kwamba ilipokuwa bado changa, mkuu wa kampuni moja ya reli alimtaka aidhinishe hesabu zilizopambwa. Andersen, ambaye wakati huo alihitaji fedha kweli kweli, alijibu kwamba Chicago nzima haina fedha za kumfanya akubali. Mteja akaondoka. Jina likabaki, na kwa jina hilo kampuni ikakua hadi kuwa na watu wapatao 85,000 duniani, ikiuza ukaguzi wa hesabu na ushauri pamoja.

Sasa sikilizeni. Mwaka 2000 kampuni hiyo ilipokea kutoka kwa mteja mmoja, kampuni ya nishati ya Enron, dola milioni 25 kwa ukaguzi, na dola nyingine milioni 27 kwa kazi nyingine, ushauri ukiwamo. Nani ndani ya ofisi ile angesimama mbele ya dola milioni 52 aseme, "Hesabu hizi hatuzipitishi"? Desemba 2001 Enron ilifilisika. Ikabainika kwamba watu wa Andersen walikuwa wameharibu nyaraka nyingi za mteja huyo. Juni 2002 kampuni ilitiwa hatiani. Mwaka 2005 Mahakama Kuu ya juu kabisa ya Marekani iliitengua hukumu hiyo, ikisema baraza la wazee wa mahakama halikuelekezwa ipasavyo kisheria. Lakini ushindi huo ulikuta nyumba imekwisha kubomoka. Wateja walikuwa wamekimbia, na maelfu ya wafanyakazi ambao hawakuwahi kuliona hata faili moja la Enron walikuwa wamekwisha kutafuta kazi kwingine.

Tusiseme hayo ni ya Wamarekani. Karibu nasi zaidi, Afrika Kusini, kampuni ya McKinsey, ile ile ya mwaka 1926, ilirudisha randi zipatazo bilioni moja mwaka 2018, fedha ilizolipwa kwa ushauri katika shirika la umeme la Eskom. Na Desemba 2024 tawi lake la Afrika lilikubali kulipa zaidi ya dola milioni 122 kumaliza shauri la hongo kuhusu kazi zilizotafutwa katika Eskom na shirika la usafirishaji la Transnet kati ya mwaka 2012 na 2016. Wakati huo huo wananchi wa Afrika Kusini walikuwa wakilala gizani kwa zamu. Umeme wao ulikatika kwa sababu nyingi, lakini shirika lao halikuwa na fedha za kupoteza.

Nirudi kwetu, kwenye mambo madogo, maana kwetu mambo haya huanza madogo.

Katika kampuni niliyofanya kazi, ilipokuwa imekua tayari, timu moja ilitumwa wilayani kuuliza kaya 400 kama zitaweza kuchangia gharama za mradi wa maji. Siku zilikuwa kumi na mbili. Mvua ikanyesha siku tano, barabara ikakatika, gari likakaa kwenye tope. Siku ya kumi na mbili ilipofika walikuwa wamezifikia kaya 263. Sasa, wale wanaoijua kazi hii wanajua dawa inayotumika mara nyingi. Timu hukaa chini ya mwembe, ikaagizwa chai, na madodoso yaliyobaki yakajazwa pale pale. Majibu yanafanana na yale ya kweli, maana anayeyajaza ameshasikia ya kweli. Nani atajua?

Binti mmoja katika timu hiyo, mwenye mwaka mmoja tu kazini, alikataa. Kiongozi wa timu akampigia simu mzee mwenye kampuni. Mzee akataka kusema naye. "Mwanangu," alimwambia, "mteja anasubiri ripoti Jumatatu. Wenzio hawajalipwa mwezi huu." Binti akajibu: "Shikamoo mzee. Najua. Lakini kaya zile 137 ziko ng'ambo ya mto, na ndizo maskini kuliko hizi tulizoziuliza. Tukiwajazia sisi, tutakuwa tumesema wanaweza kulipa."

Simu ikakaa kimya. Kisha mzee akasema: "Rudini na hizo mlizonazo."

Ripoti ikaandikwa kwamba kaya zilizohojiwa ni 263, na sababu ikaelezwa. Mteja alikasirika akakata sehemu ya malipo. Mishahara ilichelewa wiki tatu, na wafanyakazi wawili wazuri wakahamia kwingine. Sitawaambieni kwamba mteja yule alirudi baadaye kutoa shukrani. Hakurudi. Wala binti yule hakupandishwa cheo kwa sababu hiyo. Ila nilikuwapo ofisini mwezi uliofuata, nikaona jambo moja: mzee alianza tena kusoma ripoti zote mwenyewe, kalamu nyekundu mkononi, na zabuni mbili zilizokuwa mezani aliziacha zipite.

Siku hizi hata mwembe hauhitajiki. Kompyuta inaweza kumwandikia mtu ripoti nzima kwa dakika chache, na marejeo yake yakang'aa kama ya kweli. Mwaka 2025 nchini Australia kampuni ya Deloitte ilikubali kuirudishia serikali sehemu ya malipo ya ripoti iliyogharimu dola za huko zipatazo 440,000, baada ya kugundulika kwamba ndani yake yametajwa maandiko ambayo hayapo duniani. Kompyuta ilikuwa imetumika katika kuiandaa. Aliyeligundua hilo alikuwa msomaji wa nje, mhadhiri wa chuo kikuu. Ndiyo kusema ripoti ilipita mikononi mwa wote waliolipwa kuisoma, ikaja kusomwa na asiyelipwa.

Sasa, kijana unayenisikiliza, uliyeshika barua ya kuitwa kwenye usaili: nenda. Kazi ni nzuri na utajifunza. Lakini watakapokuuliza kama una swali, usiulize juu ya mshahara peke yake. Waulize: ripoti ya mwisho husomwa na nani kabla haijatoka? Waulize pia: ni kazi gani mliyoikataa mwaka jana, na kwa nini? Ukiona wanatazamana, umepata jibu. Na ukishaajiriwa, andika ulichokiona wilayani katika daftari lako mwenyewe, kwa tarehe. Siku ukiambiwa ubadilishe tarakimu, utakuwa na kitu cha kushika zaidi ya ujasiri.

Nawe mwenye kampuni, nisikufundishe kazi yako. Unajua kuliko mimi bei ya kulipa watu arobaini. Lakini kumbuka kwamba akiba ya mishahara ya miezi mitatu benki ni kinga ya jina lako, maana ndiyo itakayokuruhusu kumwambia mteja mbaya aende salama. Ukikua haraka kuliko akiba hiyo, utakuwa umeajiri watu wa kukuzuia kusema kweli. Na jina la mhandisi wako liandike katika zabuni moja, au mbili anazoziweza, siyo nne.

Wateja nao, na hapa naziingiza ofisi za umma, hawako salama katika lawama hii. Anayemchelewesha mshauri malipo miezi sita anamfundisha kuogopa. Anayemwita pembeni na kumwambia, "Mkurugenzi angependa matokeo yawe hivi," hajanunua ushauri. Amenunua kioo, tena kioo cha bei kubwa, cha kujitazamia uso wake. Waswahili walisema mficha uchi hazai. Mteja anayemlipa mshauri amfiche, asishangae mradi ukifa.

Turudi basi kwa mama na swali lake. Aliuliza, mteja akikataa ushauri wenu mnakula nini? Mama, jibu la haki ni hili: kuna miezi watakayokula kidogo. Kampuni inayoweza kuvumilia miezi hiyo, mwanao yuko mahali pema. Kampuni ambayo haiwezi kuikosa hata siku moja, chakula chake ni kizuri lakini kuna watu ng'ambo ya mto wanaokilipia, nao hawakuulizwa.

Hadi juma lijalo, panapo majaliwa, nawatakieni kazi njema. Kwaherini.